Chupa Ambayo Sikuiosha

Boaz, mwenzangu wa maabara hapa Ngokolo, hanipi raha kwa sababu ya chupa moja. Nikishakuza hamira ndani yake naiacha na mashapo yake, siioshi. Anasema nimesoma bure. Na aseme. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sembuse wa mpika pombe? Mayu, mama yangu, alipika pombe ya mtama kwa ajili ya wachimbaji wa Mwakitolyo, na mtungi wake haukuoshwa kamwe. Chachu ya jana ndiyo inayoamsha ya leo.

Hamira ninayoichunguza ilitoka kwenye mtungi huo. Natafuta protini zilizo kwenye utando wa seli zake, zile zinazoifungulia sukari mlango iingie. Unapasua seli kwa shanga ndogo za kioo, unautenga utando kwa mashine ya kuzungusha, kisha unazing'oa protini kwa sabuni maalumu. Ni kazi ya upweke. Siku moja Boaz alikuwa amekwenda kwa mkewe Geita, nami nikabaki na friji linalonguruma. Tangu tumzike Mayu, sina hata wa kuniuliza kama nimekula.

Siku hiyo nilipasua seli zote. Akiba ya hamira hai ya kwenye friji ilishaota ukungu umeme ulipokatika, nikaitupa, maana nilijua nitachota nyingine mtungini. Ndipo Ngusa, mdogo wangu, akapiga simu kutoka Mwakitolyo. Alinisalimu. Kisha akaeleza kwamba wanawake waliokuja kusafisha nyumba kabla ya kuanua matanga wameusugua mtungi kwa mchanga na maji ya moto. Walidhani wanatusaidia, masikini.

"Dada, chachu ya mama unayo?"

Nilitazama kichupa kilichokuwa kwenye barafu. Protini safi, kazi ya miezi, na hakuna seli hata moja iliyo hai. Nimeng'oa mlango, nyumba nimeibomoa. Nililia, sioni haya kusema.

Halafu nikaiona ile chupa dirishani, chafu, mashapo yamekaukia chini. Nikatia maji ya uvuguvugu na sukari, nikaishika kwa viganja viwili, nikakaa nayo mpaka jua likapinda. Povu dogo likatokea pembeni, likaongezeka.

Nikampigia Ngusa, nikamwambia aandae mtama. Kisha, peke yangu mle maabara, nikaiinamia chupa.

"Shikamoo, Mayu."

Nikangoja aitikie. Povu likaendelea kupanda.