Msomaji wa Rafu ya Chini

"Jifanye tu," Mkuu aliniambia sikioni huku akininyoosha tai. "Dakika kumi. Soma walichoandika, shuka, tukanywe chai."

Ukumbi wa kusomea ulikuwa umejaa hadi madirishani. Tulikuwa tumesukuma rafu za magurudumu ukutani na kupanga viti vyote vya maktaba, pamoja na vile vya chumba cha watoto, ambavyo watu wazima walivikalia magoti yakikaribia videvu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kampeni, na kila uchaguzi maktaba yetu iliandaa mdahalo wa pande mbili. Msemaji wa Wanamageuzi alikuwa ameshafika, koti limenyooka kwa pasi. Msemaji wa Wahafidhina alikuwa kitandani kwake, sauti imekauka kwa mafua. Alichoweza kututumia ni kurasa chache za hotuba na salamu.

Mkuu alikuwa Mwanamageuzi wa damu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, ambaye akisikia neno "kodi ipungue" alikunja uso kama aliyeuma limau. Lakini alikuwa na sheria isiyopinda: ndani ya maktaba yake hapafanyiki mdahalo wa upande mmoja. Mmoja wetu angepanda jukwaani kuwasemea Wahafidhina. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akasema, "Babu ana sauti."

Babu nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana bado, lakini nilivaa tai kila siku, nilipinga kila kitu kilichohamishwa kutoka pahali pake, na nilipoletewa kompyuta niliifunika kwa kitambaa. Kwa hiyo wakanibandika jina hilo na mimi nikalipokea. Ushahidi wote walikuwa nao mikononi, basi tu hawakuujumlisha. Kwani mimi nilikuwa Mhafidhina halisi, tangu utosini hadi kwenye kamba za viatu. Niliamini mambo yabadilike polepole, serikali isiingize mkono katika kila mfuko, na kwamba familia inajua kulea watoto wake kuliko kamati. Nilikipigia kura chama hicho kila uchaguzi, kisha nikarudi kazini na kunyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya meza ya chai.

Sijui katika kazi nyingine, ila katika ukutubi, siku zile, kuwa Mhafidhina kulikuwa ni kama kuwa kipofu wa rangi katika duka la vitambaa: hakuna aliyekukataza, lakini hakuna aliyedhani upo. Chumba chetu cha chai kilikuwa nyuma ya mapokezi, chenye birika lililopoteza kifuniko na dirisha linaloangalia maegesho ya baiskeli. Hapo tuliketi wanne. Mkuu. Redio, dada wa meza ya kuazimisha, ambaye hakuzimika tangu asubuhi. Profesa, mpangaji wa katalogi, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuwa profesa wa chochote. Na mimi. Niliwapenda watu hawa. Mtoto wangu wa pili alipolazwa, walipokezana zamu zangu bila kuambiwa, na Redio alimpelekea mke wangu chakula hospitalini na kumsimulia habari za mji mzima mpaka akasahau kulia.

Na kila siku, juu ya chai hiyo hiyo, waliwasema Wahafidhina. "Mhafidhina ndani ya maktaba," Redio alipenda kusema, "ni fisi kukabidhiwa bucha." Sote tulicheka. Mimi nilicheka na mkate mdomoni, ili nisiweze kuongeza neno.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hapendi vidonda vilivyofunikwa, alikuwa akinitania. "Baba watoto, unaogopa nini hasa? Kufukuzwa?"

"Hapana. Kutengwa."

"Na chai?"

"Na chai."

"Mficha uchi hazai," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Kitu kimoja kilinifariji. Katika chumba cha majarida, rafu ya chini kabisa, lilikuwapo jarida la mawazo ya kihafidhina. Karatasi ya kijivu, picha chache, makala marefu. Nilikuwa nafika kazini kabla ya wenzangu, nalisoma nikiwa nimesimama, kisha nalirudisha mahali pake. Kila mwaka bajeti ilipopunguzwa, tulikaa kuchagua majarida ya kuacha kulipia, na kila mwaka Redio alilinyooshea hilo kidole. "Hili tulitupe. Halisomwi na mtu."

"Linasomwa," Mkuu alijibu.

"Na nani?"

"Tangu lini mkutubi akauliza nani? Anachosoma mtu ni siri yake. Endelea na linalofuata."

Nami niliinamia kikombe changu, moyo unachezacheza kwa furaha. Kumbe nina mwenzangu! Mahali fulani katika mji huu kulikuwa na mtu mwingine anayekuja kulisoma mimi nikiwa zamu ya ndani. Nilimuumba kabisa kichwani: mzee mpole, kofia mkononi, pengine mwalimu mstaafu. Nilianza kumtunzia jarida lake. Nilipanga matoleo kwa tarehe, jipya mbele, kingo zimelingana, ili akifika asihangaike. Wakati mwingine nilitamani kumwachia salamu, lakini nikasema, mwache, huenda naye ana meza yake ya chai.

Basi jioni ile ya mdahalo nilipanda jukwaani na kurasa za mgonjwa mkononi. Aya ya kwanza niliisoma vizuri. Ya pili ilikuwa imeandikwa vibaya mno, maneno makubwa yanayosukumana mlangoni. Niliinua macho nikaiona meza ndefu ya ukumbi wetu, ile ya mbao nzito, tuliyoisogeza pembeni. Nikaziweka zile kurasa chini.

"Iangalieni meza ile," nilisema. "Kuna mwaka ilitakiwa itolewe, viletwe vijimeza vya mtu mmoja mmoja, vya kisasa. Haikutolewa, kwa sababu pesa hazikutosha. Sasa njooni asubuhi mtazame. Karani wa mahakama anaketi pale, na asiye na kazi anaketi pale, na wanaombana kalamu. Hakuna aliyeipanga iwe hivyo. Ni ya zamani tu na ni ndefu. Mimi nasema, kabla ya kutoa kitu cha zamani, tuulize kwanza nani huketi pale."

Nikaendelea. Nilizungumza juu ya fundi viatu wa mtaa wa pili, ambaye hahitaji kamati, anahitaji aachwe ashone viatu. Nikasema haraka haraka haina baraka, na kwamba wote ukumbini walifundishwa hivyo na mama zao kabla hawajajiunga na chama chochote. Watu wakacheka. Nilipiga meza. Sikumbuki kuwahi kupiga meza kabla ya hapo. Msemaji wa Wanamageuzi alinijibu, na alinijibu vizuri, nami nikamjibu, na tuliposhuka alinipa mkono na kusema ninapaswa kutafuta kazi ya tamthilia.

Jumatatu, chumba cha chai kilikuwa sherehe. Redio alisimama kwenye kiti kuniigiza, akapiga meza hadi birika likaruka. "Nusura nikuamini! Yaani ningekuwa sikujui, ningesema huyu ndiye."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Nilikuwa shujaa, na mkate ulikuwapo. Lakini Profesa, kwa sauti yake ya chini, akasema, "Mimi kilichonishangaza ni vile ulivyowafanya waonekane watu."

Hakukusudia ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nikaweka kikombe chini, nikapiga moyo konde.

"Ni watu. Mimi ni mmoja wao."

Redio alipiga makofi. "Bado anaendelea!"

"Siigizi. Mimi ni Mhafidhina."

"Tazama na uso anavyoukaza!"

"Dada yangu, haki ya mama mzazi, nawapigia kura."

Hapo makofi yakafa. Profesa alijifanya anatafuta sukari, ambayo ilikuwa mbele yake. Redio alishuka kitini taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu nijue kupiga kura."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Na miaka yote hii tunawasema hapa, wewe umekaa unatusikiliza? Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtaninyima chai."

Alinitazama, macho yamemlowa, na niligundua kwamba hakukasirishwa na kura yangu. Alikasirishwa na woga wangu. "Tungekunyima sukari," alisema. "Chai ungepata." Akatoka.

Alininunia siku kadhaa, na jengo zima likawa kama limekatika umeme. Kisha asubuhi moja akaingia akiwa na vikombe viwili, akaketi mbele yangu na kusema, "Haya. Suala la kodi. Nieleze, halafu nikuoneshe ulipokosea." Hatujamaliza hadi leo.

Mkuu peke yake hakuwa ameshangaa. Jioni ile ile ya Jumatatu nilimkuta chumba cha majarida, nikamuuliza moja kwa moja. "Ulijua?"

"Tangu mwaka wako wa kwanza."

"Nani alikwambia?"

Aliinama hadi rafu ya chini na kunionesha. "Wasomaji ninawajua. Wanasoma jarida, wanaliacha limefunuka mezani, wengine wanalikalia. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijaona msomaji anayerudisha majarida kwa tarehe, jipya mbele, kingo zimelingana. Huyo ni mkutubi. Na si Redio, wala Profesa."

"Na yule mwingine?" niliuliza. "Yule anayelisoma mchana?"

"Mwingine yupi?"

Nilisimama pale nikimtazama mzee wangu mpole akivaa kofia yake na kuondoka zake. Kila mwaka, mbele ya bajeti, mwanamke huyu ambaye hakukubaliana na sentensi hata moja ya jarida lile alikuwa akilipigania kwa ajili ya msomaji mmoja, na hakumtaja. Nilitaka kumshukuru lakini sikupata sauti, mimi niliyesifiwa sauti.

"Na mdahalo?" nilisema hatimaye. "Ulinichagua kwa makusudi?"

"Nilitaka upande ule usemewe na anayeujua," alisema, akavaa miwani. "Na nilikuwa nimechoka kukuona unakula mkate mkavu kila Wahafidhina wanapochekwa."

Yote hayo ni ya zamani. Mkuu amestaafu, na kiti chake nimekikalia mimi. Pesa zimepungua zaidi, na kila mwaka wenzangu wa sasa wanalinyooshea kidole jarida la Wanamageuzi, lile lenye jalada jekundu, wakisema limepitwa na wakati na halisomwi na mtu.

"Linasomwa," ninajibu.

Mkuu anakuja kila wiki, mkongojo mkononi, anaketi kwenye meza ndefu. Alisema siku aliyostaafu kwamba hatarudisha tena kitu rafuni maisha yake yote, na ametimiza. Akiondoka huliacha mezani limefunuka, daima penye makala anayojua yatanipandisha damu. Mimi huenda kulichukua. Huyasoma makala yote nikiwa nimesimama, nikibishana kimoyomoyo tangu aya ya kwanza, kisha nalirudisha mahali pake, jipya mbele. Kwa hiyo sisemi uongo mbele ya bajeti. Jarida lile lina wasomaji wawili.