Udi wa Bi Swabaha

Fomu ya idhini ilikuwa juu ya shuka, kalamu kando yake, na mamangu amezipa mgongo zote mbili. Daktari Tsuma alikuwa ameshaeleza mara mbili: uvimbe umeota chini ya ubongo, juu tu ya pua, na sasa unakandamiza mishipa ya macho. Kesho asubuhi atafungua mfupa wa paji autoe. Macho huenda yakasalimika, lakini mishipa ya kunusia lazima ikatwe. Tukichelewa wiki, ni upofu.

"Heri upofu," mama akasema. "Kipofu hupika udi. Asiye na pua?"

Mtaa wetu wa Ndia Kuu mzima wamjua Bi Swabaha kwa udi wake wa harusi, vijiti vya kufukiza avipikavyo kwa sukari na manukato. Hapimi kwa saa wala kijiko. Huinamia sufuria, na sukari ikikaribia kuungua pua humwambia aepue.

"Mama, pua yenyewe si imekufa?"

"Imepungua, Raihana. Ingekuwa imekufa watu wangeusifu udi wangu?"

Nilitamani sakafu ya wodi inimeze. Mwaka jana, 1995, sukari iliungua hadi ukumbi ukajaa moshi, naye akakoroga tu, ametulia. Nikaona haya. Utamwambiaje fundi aliyekufundisha kwamba ameharibu? Alipokwenda kuswali nilimwaga, nikapika upya. Ikawa hivyo kila sufuria. Nikajipa moyo kuwa namsitiri. Siku ile ningesema, pengine daktari angeukuta uvimbe ungali mdogo. Nilijichukia.

Muuguzi akachungulia mlangoni. Dakika kumi, akasema, la sivyo nafasi apewe mgonjwa mwingine.

"Mama, ule udi ni wangu."

Hakugeuka.

"Wako ulikuwa ukiungua. Nikiumwaga. Nisamehe."

"Hata wa bi harusi wa kakako Khubaib?"

"Hata huo."

Nikasikia viatu vya muuguzi vikirudi. Mama akageuka, akapapasa shuka. Kalamu ilikuwa mbele ya macho yake na hakuiona. Nikaitia mkononi mwake, nikakiweka kidole chake penye mstari. Akatia sahihi, herufi zikapanda juu ya maandishi.

Muuguzi akaichukua fomu, akaondoka. Mama akanishika kiganja, akakileta puani, akavuta pumzi ndefu kuutafuta udi. Akavuta tena.

"Watu wausifu sana udi wako," akasema. "Nami harufu yake sitaijua kamwe."