Sahani ya Mgeni

Kwetu Mkesha wa Krismasi huwa Januari sita, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu, na mezani huwekwa sahani moja ya ziada. Ni ya mgeni yeyote ambaye Mungu atamleta, au ni ya marehemu, kama nyumba imefiwa mwaka huo. Moja tu. Mama yangu, Paraska, alisamehe mengi maishani mwake, lakini sahani mbili za ziada kwake zilikuwa uchuro.

Kwa karibu miaka thelathini sahani hiyo ilikuwa ya Nestor.

Alikuja shambani kwa kaka yangu mkubwa, Metro, kama kibarua wa mavuno. Mavuno yakaisha, vibarua wenzake wakarudi Winnipeg, yeye akabaki. Krismasi ilipofika Metro akaja naye kwa Mama, wote wawili wana theluji mpaka kwenye nyusi. Baba, aliyekuwa hai bado, akauliza, "Na huyu ni nani?" Metro akafungua mdomo, akaufunga. Mama akavuta kiti.

"Ni mgeni," alisema. "Kwani huoni sahani yake iko tayari?"

Mwaka uliofuata mgeni akaja tena, na uliofuata vilevile. Ni mgeni gani huyo anayejua miiko inakaa droo gani? Lakini hakuna aliyesema neno. Mjini waliitwa Metro na kibarua wake, na watu wakaridhika na jina hilo, ingawa sijawahi kuona kibarua mwingine anayechagua rangi ya mapazia ya tajiri wake. Siku moja nilipokwenda kuwasaidia kukamua nilimwita Nestor shemeji, kwa utani tu. Akawa mwekundu kama bitiruti. Metro alicheka mpaka ng'ombe akastuka na kupiga ndoo teke.

Nilikuwa katika banda hilohilo la ng'ombe siku redio iliposema kwamba serikali haitawafunga tena wanaume wawili kwa yanayopita chumbani mwao. Metro alinyoosha mkono akaizima. "Haya, tumalizie hawa wawili," alisema, na Nestor akainama chini ya ng'ombe. Sikuona hata mmoja akitabasamu. Sheria ilibadilishwa Ottawa, mbali na sisi. Huku kwetu mwalimu wa shule alikuwa ameshavunjiwa madirisha kwa uvumi mtupu, akahama na sanduku moja.

Metro alikufa Oktoba. Moyo ulimkamata shambani, Nestor akambeba kama mtoto mpaka kwenye pikapu, akaendesha kwa mwendo wa kichaa hadi hospitali. Mlangoni wakamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Maskini ya Mungu, miaka yote ile ulimi ulikuwa umeshazoea. Akajibu, "Mfanyakazi wake." Wakamwambia asubiri nje mpaka ndugu wafike. Nilipofika nilimkuta amesimama ukumbini, ameshika kofia ya Metro kwa mikono miwili, na kaka yangu alikuwa ameshakata roho akiwa peke yake nyuma ya pazia.

Kwenye mazishi padri alitaja mama, mdogo wake, dada yake, hata shangazi wa Edmonton ambaye hakuja. Nestor alikaa benchi la mwisho, pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya chakula.

Basi Krismasi ikafika. Nilikwenda kwa Mama tangu asubuhi, maana vyakula ni kumi na viwili na yeye alikuwa na mikono ya kutetemeka. Tulikaa jikoni tunasaga mbegu za popi za kuchanganya na ngano ya asali, chakula tunachokiita 'kutia', kinacholiwa kwanza kabla ya chochote. Mama hakuwa msemaji. Siku hiyo alianza mwenyewe.

"Kijijini kwetu, kabla hatujapanda meli," alisema, "mjomba wangu Hnat na rafiki yake walikwenda kanisani. Padri akawafunga mikono kwa kitambaa kimoja, akawasomea, wakawa ndugu wa kiapo. Walikaa kibanda kimoja mpaka uzee. Walizikwa kaburi moja."

"Walikuwa ndugu tu, Mama?"

"Wewe unauliza kama polisi," akasema. "Wengine waliofungwa kile kitambaa walikuwa ndugu tu. Wengine, Mungu anajua. Hakuna aliyekwenda kuchungulia dirishani. Hapa Kanada ndiyo nimekuta watu wanataka kila kitu kiwe na jina, na wakishakipa jina wanakitupia mawe."

Kisha akafuta mikono, akachukua sahani ya ziada, akaiweka upande wa dirishani, akaipapasa ukingo. "Ya Metro wangu," alisema, na machozi yakamtoka. Alikuwa na miaka karibu tisini na alikuwa anamlilia mtoto wake. Hakufikiria kitu kingine chochote. Mimi ndiye niliyefikiria.

Nilimngoja Vasyl, mdogo wetu, nikambana ukumbini kabla hajavua koti. Vasyl alikuwa anauza matrekta mjini, na binti yake alikuwa amechumbiwa. Usiku ule wakwe walikuwa wanakuja mezani kwetu kwa mara ya kwanza.

"Nestor atakaa wapi?" nikamuuliza.

"Nestor haji. Nimeshaongea naye."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mwaka huu ni familia tu. Tuna msiba, dada. Halafu hao wakwe. Nikiulizwa yule mzee ni nani, niseme nini? Metro alipokuwepo, alikuwa kibarua wa Metro. Sasa Metro hayupo, ni kibarua wa nani?"

"Sema ni mgeni, kama tunavyosema siku zote."

"Mgeni hana sahani mwaka huu. Sahani ni ya Metro. Au unataka tumnyime kaka yetu?"

"Unajua fika Metro angetaka nini."

"Metro amekufa!" akasema, sauti ikampasuka, akageukia ukutani. Alimpenda, hilo nalijua. Metro ndiye aliyemfundisha kuogelea na kupiga mluzi. Lakini mapenzi ya Vasyl yalikuwa na woga mwingi ndani yake, na woga ndio uliokuwa umeshika usukani.

Nikarudi jikoni, nikamenya viazi kwa hasira mpaka vikatosha kulisha harusi.

Wakwe walifika wakiwa wamependeza, watu wa heshima, wakasifu kila kitu. Jua likazama mapema kama kawaida ya Januari. Watoto wakabandika pua kwenye kioo wakitafuta nyota ya kwanza, kwa sababu kabla ya nyota hakuna anayeonja kitu. Nyota ikatokea. Tukasimama kila mtu nyuma ya kiti chake. Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, mshumaa ndani ya mkate, kila kitu mahali pake.

"Mganda uko wapi?" akauliza Mama.

Tukatazamana. Mganda wa ngano huletwa ndani na mwanamume wa nyumba, ukasimamishwa kwenye kona chini ya picha za watakatifu, maana waliotutangulia huja wakakaa humo. Mashine za kuvunia hazibakishi mganda. Kwa hiyo kila Agosti Metro alishika mundu wa Baba, akakata pembe moja ya shamba kwa mkono, watu wakimcheka barabarani. Ni yeye aliyeuleta miaka yote. Vasyl, pamoja na mipango yake yote, hakuukumbuka hata kidogo.

Mlango ukagongwa.

Nestor alisimama kizingitini, koti la Metro mwilini, mganda mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Baridi ikaingia naye mpaka mshumaa ukayumba.

"Kristo amezaliwa," alisema.

"Msifuni," tukaitikia sote, hata Vasyl, maana salamu hiyo hainyimwi mtu.

"Siingii. Nimeleta mganda tu. Aliukata mwenyewe Agosti, nikaona si vizuri ubaki ghalani." Akamnyooshea Vasyl. Vasyl akaupokea, shingo imekuwa nyekundu.

Yule mkwe wa kike, kwa wema kabisa, akauliza, "Huyu ni nani?"

Nilimtazama Vasyl. Naapa alifungua mdomo kama Metro alivyofungua wake mbele ya Baba. "Ni... alikuwa anafanya kazi kwa marehemu kaka," akasema.

Nestor akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ni kweli. Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha pili, "Shemeji, funga mlango uingie. Nakuletea kiti."

Wala sikutazama nyuso za wakwe. Waliona walichoona. Nilivuta kiti cha jikoni, nikambana mpwa wangu akasogea. Nestor alinitazama tu. Safari hii hakuwa mwekundu.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alitazama sahani aliyoiweka mwenyewe, akamtazama aliyesimama mlangoni, na nikaona ameelewa alichokifanya asubuhi ile. "Mwanangu," alimwambia, "njoo ukae pale. Pale dirishani, mahali pako. Metro hatakasirika."

"Najua, Mama."

"Basi njoo."

"Siwezi, Mama. Nimeacha taa inawaka nyumbani." Akavua kofia, akaishika kifuani. "Vasyl aliniambia mwaka huu ni familia tu. Nikasema sawa. Na mimi nikaandaa ya familia. Sahani yangu, na sahani yake. Kutia imeniungulia kidogo, unajua sijui kupika. Lakini yeye alikuwa haachi kuisifia hata ikiungua." "Sasa akija akute nyumba haina mtu? Hospitali nilimwacha peke yake. Nilisema mimi ni mfanyakazi, wakanitoa. Leo sitamwacha."

Nilikimbilia jikoni, nikamfungia pirohi, vile viandazi vyetu vya viazi, na samaki kwenye bakuli, nikamtupia skafu yangu shingoni. Alinishika mkono kwa nguvu. "Asante, Olya," akasema, kisha, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Asante, shemeji." Akamwinamia Mama, akaondoka. Tulisikia pikapu ikikataa kuwaka, ikakubali.

Vasyl akausimamisha mganda kwenye kona. Ulianguka. Akausimamisha tena.

Lilibaki jambo moja kabla ya kula. Mwanamume wa nyumba hufungua mlango, akawaita marehemu kwa majina yao, mara tatu, waje wale nasi. Baba aliwaita wazazi wake waliobaki ng'ambo. Metro akamwita Baba. Sasa ilikuwa zamu ya Vasyl, na wakwe walikuwa wanamtazama.

Akafungua mlango. Huku kwetu ardhi ni bapa, theluji imelala moja kwa moja mpaka upeo, na mtu akiwasha taa maili nzima kutoka hapa unaiona. Tuliiona sote kutoka mezani. Dirisha la jiko la Metro, la manjano, kule ng'ambo ya mashamba. Na taa mbili za pikapu zikienda huko polepole.

"Metro," akaita Vasyl. "Njoo ule nasi."

Akangoja kidogo, kama inavyotakiwa.

"Metro, kaka. Njoo ule nasi."

Mara ya tatu hakuweza. Alisimama pale ameshika kitasa, mabega yanamtikisika, baridi inaingia mpaka miguuni mwetu, na taa za pikapu zikafika kwenye lile dirisha, zikazimika.

"Funga mlango, mwanangu," Mama akasema. Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. "Unamsumbua. Ameshakaa mezani kwake."

Kisha akajiinua kwa shida, akazunguka meza nzima akijishikiza kwenye migongo ya viti vyetu, akaichukua sahani ya dirishani, ile aliyokuwa ameilowesha kwa machozi asubuhi, akairudisha kabatini. Kijiko chake akakitia droo. Akarudi, akaketi.

"Haya, kuleni," alisema. "Familia tu, kama mlivyotaka."

Vasyl alikula kutia yake yote bila kuinua macho. Mama hakuonja kitu.