Kiganja Kwenye Geti la Mwalimu

Shamira alishuka Bungoma akiwa amevimba kwa hasira. Njia nzima kutoka Kitale, bosi wake Zachary alikuwa akimsema kwa dereva wa pikapu kana kwamba mwenyewe hayupo: amelipua kazi, amemharibia jina, leo ndiyo mwisho wake karakanani. Na karakana nyingine ya kumwajiri mwanamke apake rangi mageti, Kitale nzima, Shamira hakuijua.

Geti la Mwalimu Nabwile lilikuwa jipya, la kijani, na rangi ilikuwa ikibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Muulize huyu," Zachary akasema hata kabla ya salamu. "Kila saa ati anakimbia kusali. Sasa ona!"

Kusali tena! Damu ilimchemka Shamira. Chuma hicho alikipiga msasa mpaka kikakwaruza, akakifuta kwa tina ya kuondoa mafuta mpaka kitambaa kikatoka safi, maana rangi inataka kushika chuma chenyewe. Ikikuta mafuta, hata kidogo, inakaa juu juu tu na siku moja inaondoka. Kisha akawaambia wote, "Mtu asiguse," akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi akapuliza rangi. Kosa lake lilikuwa wapi?

Akainama alitazame geti vizuri. Pale rangi ilipotoka palikuwa na alama ya kiganja. Kiganja cha mtu, kutu imeanza kukijaza: kidole gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho. Cha shahada hakikuwepo. Hatua moja mbele kulikuwa na kingine, vilevile.

Na karakanani ni mtu mmoja tu ambaye grainda ya kukatia chuma ilimkata kidole hicho. Mtu huyohuyo hula nyama ya kukaanga kila mchana, kisha huzunguka bila kunawa akiwageuzia wateja mageti wayaone.

"Bosi, lete mkono wa kulia. Uweke hapa."

Zachary akauficha mfukoni. "Wewe, usinizoee!"

Mwalimu Nabwile akavaa miwani, akatazama geti, akatazama ule mfuko.

"Si uweke tu, fundi? Kama kiganja hiki si chako, mkono hautatoshea."

Hakuuweka.

"Basi huyu msichana ndiye atapaka tena," Mwalimu akasema. "Ama mrudi na geti yenu."

Adhana ikasikika kutoka upande wa sokoni. Shamira akatoa karatasi ya msasa kwenye mkoba, akamtupia bosi wake miguuni.

"Sugua mpaka ufike kwa chuma," akasema. "Mimi naenda kusali. Na ukimaliza, usiguse."