Glavu Zilizoombewa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Yombo Vituka iliamka na ubaridi wa kipupwe. Manyunyu ya alfajiri yalikuwa yamepita, yakaacha mabati yakimeta na vumbi la njia limelala. Venance alitoka nyumbani na rozari kwenye mfuko wa shati na mkoba wa kitambaa kwapani. Ndani ya mkoba mlikuwa na jozi ya glavu nzito za mpira, zile za mafundi wa laini za umeme. Alikuwa anakwenda kwenye sala ya jumuiya, na zamu ya wiki hiyo ilikuwa nyumbani kwa Cyprian. Tangu alipoamka alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu: asije akampiga mtu.

Venance alikuwa mchonga vinyago. Kwa miaka ishirini na miwili alichonga mpingo, kazi aliyofundishwa na baba yake kule Newala. Wateja walipopungua, naye akiwa na miaka arobaini na minne, alijiandikisha darasa la jioni la ufundi wa laini, kule Kipawa. Alikaa benchi moja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Kornelio, mchekeshaji wa darasa, alimpokea kila jioni kwa maneno yaleyale: "Shikamoo mzee wa nguzo! Leo unapanda mwenyewe au tukuvute na kamba?" Venance alicheka nao, kisha akafungua daftari, akachora msalaba mdogo juu ya ukurasa na kuanza kuandika.

Mwezi wa nne Mwalimu Herieth, mwanamke aliyepanda nguzo miaka tisa kabla ya kushika chaki, aliwaambia kwamba mtihani wa kupanda ungekuwa mwisho wa Juni, na kila mtu aje na vifaa vyake.

"Najua hamuwezi kununua vyote kwa mkupuo," alisema. "Kwa hiyo niambieni, mnaanza na kipi?"

"Koleo," Kornelio akadakia. "Fundi bila koleo ni mpita njia tu, mwalimu."

Mwingine akasema testa. Mwingine akasema mkanda wa kupandia. Mwalimu hakumkubali yeyote. "Kaeni nalo. Siku nitakayouliza tena, nataka jibu na sababu yake."

Venance alilipeleka swali kwa Mungu kwanza, halafu kwa Cyprian. Cyprian alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake, Rosalia, na ndiye fundi wa laini pekee aliyemfahamu. Alikuwa akifanya kazi kwa mkandarasi mmoja mjini.

"Glavu," Cyprian alijibu bila kufikiri mara mbili. "Koleo utaazima. Mkanda utaazima. Mkono, kaka, utaazima kwa nani?"

Akasema anayo jozi mpya, alipewa kazini ikiwa ziada. Hela hakutaka. Alitaka msalaba wa mpingo wa kuweka sebuleni kwake.

Venance aliuchonga wiki tano. Gogo la kwanza alilitupa kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele. Wachongaji wanajua namna ya kuficha ufa. Unajaza unga wa mpingo na gundi, unasugua kwa msasa, unapaka kiwi nyeusi, mteja anakwenda zake anafurahi. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafanyia hivyo watalii, kwenye kinyago cha tembo, na akaenda kuungama. Msalaba wa Cyprian hakuutendea hivyo.

Siku ya kupeana, jumuiya ilikuwa imekutana kwa Mama Bernadeta, mwenyekiti wao. Glavu ziliwekwa mezani, mbele ya mshumaa, zikinukia poda ya mtoto. Wote walinyoosha mikono na Cyprian akaongoza sala. "Ee Bwana, uilinde mikono itakayoingia humu." Wakaitika amina. Venance alifuta machozi bila aibu.

Halafu ikaja jana, Ijumaa jioni. Mwalimu aliuliza tena lile swali lake. Venance akasimama. "Glavu, mwalimu. Koleo nitaazima, ila mkono sina wa kuniazima."

Darasa likapiga makofi. "Hapo sasa," Mwalimu Herieth akasema. "Zilete tuzione."

Mwalimu aliishika ya kulia, akaukunja mdomo wake na kuuviringisha kuelekea vidoleni, hewa ikabanwa ndani na vidole vikavimba kama chuchu za mbuzi. Akaisogeza shavuni. Uso wake ukabadilika.

"Mzee Venance, njoo usikilize."

Venance aliinama. Pumzi nyembamba, ya baridi, ikamgusa shavu. Ilitoka kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaichukua glavu, akaifuta poda, akapapasa. Vidole vyake vilikwishazoea kutafuta kasoro kwenye mti. Vikakuta ukingo wa kiraka cha duara, kilichobandikwa kwa gundi ya pancha na kusuguliwa kwa msasa mpaka kikalala sawa na mpira wenyewe. Mtu alikuwa ameketi, akatulia, akakifanya kwa subira. Kazi safi kabisa. Venance aliijua kazi ya namna hiyo.

Kornelio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. "Mzee wangu, aliyekupa hizi alitaka kukuzika."

"Glavu ikishatoboka hukatwa," Mwalimu akasema, akafungua mkasi. "Ukiiacha nzima, itamuua mwingine."

"Niachie mpaka kesho, mwalimu. Nitaikata mwenyewe. Kuna watu wanatakiwa kuona."

Sasa alikuwa mlangoni kwa Cyprian. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina! Karibu, Baba Rosalia!" Cyprian alimpokea kwa mikono miwili.

Walisali rozari, wakasoma Injili. Ukutani msalaba wa mpingo uliwatazama wote. Walipofika kwenye matangazo, Venance alisimama, akaziweka glavu mezani, akaeleza mambo yote taratibu, kama mtu anayesoma daftari lake.

Cyprian alicheka kidogo. "Katundu kale tu? Kaka, hizo hata mie nilizivaaga."

"Ulizivaa baada ya kuziba?"

Cyprian aliusogeza mshumaa katikati ya meza. Mama mmoja aliacha kuhesabu punje za rozari.

"Siku ile uliongoza sala," Venance akasema, na sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Ulikuwa unajua?"

"Niliomba kwa sababu nilijua." Cyprian aliinamisha kichwa. "Nilisema Mungu atakulinda."

"Kwa hiyo ukampa Mungu kiraka chako akishikilie. Na Rosalia ungemwambia nini, wewe baba yake wa ubatizo?"

"Basi, yaishe. Kama huzitaki nirudishie. Yupo fundi Sinza anazitaka hata leo."

Hapo ndipo Venance alipoelewa kwamba kifo kilichomsubiri juu ya nguzo hakikumwondolea rafiki yake hata usingizi wa mchana. Alimgeukia mwenyekiti, ambaye kapu lake la ushonaji lilikuwa miguuni pake. "Mama Bernadeta, naomba mkasi."

Mpira ulikuwa mgumu. Alikata ya kulia, akakata na ya kushoto, kidole kwa kidole, vipande vikaanguka karibu na mshumaa.

"Chukua na msalaba wako basi," Cyprian akasema kwa hasira.

"Uache hapo hapo. Huo hauna ufa."

Mama Bernadeta alimshika bega. "Baba Rosalia, hatuwezi kufunga sala hivi. Sema neno. Sema umemsamehe."

Venance alilitafuta neno hilo kwa uaminifu wote, asilipate. Hakutaka kusema uongo mbele ya mshumaa. Akanyoosha mkono wa kulia, ule ambao ungeingia kwenye glavu ile, akasema kwa sauti ili hata waliokaa barazani wasikie:

"Ninyi nyote ni mashahidi wangu. Msamaha nitauomba kila asubuhi mpaka nipewe, na siku nitakayopewa nitakuja kuusema hapa hapa. Mtihani nitaufanya, hata kama ni mwakani, kwa glavu nitakazonunua mwenyewe. Lakini wewe, Cyprian, nakuahidi mbele ya hawa: mkono wangu hautaingia tena kwenye kitu chochote ulichonipa kabla sijakisikiliza kwanza."