Jibu la Salamu

Winchi hakuweza kukaa, wala hakuweza kusimama. Aliketi kwenye benchi la korido ya bodi ya pensheni, kiuno kikamfukuza. Akaegemea ukuta, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Akarudi kwenye benchi, safari hii kwa ubavu. Wenzake waliosubiri rufaa zao wakamsogezea nafasi.

"Tulia basi," mkewe alimnong'oneza. "Unanitia kizunguzungu."

"Nitulie vipi na mgongo una mambo yake?"

Jina la Winchi alipewa ghalani, enzi zile alipobeba gunia begani huku akipiga soga. Kisha rundo la magunia likaporomoka naye akiwa chini yake. Tangu hapo nyumba nzima inaning'inia kwenye cherehani ya mkewe, na macho ya mkewe nayo yameanza kufifia. Ombi la pensheni ya ulemavu lilikataliwa kwa sentensi moja: mwombaji mwenyewe amekiri kuwa hali yake ni nzuri.

Amekiri. Karani wa dirishani alimwuliza, "Habari ya afya, mzee?" naye akajibu kama alivyolelewa: "Nzuri, mwanangu. Za kwako?" Mtu mzima hammwagii mwenziwe maradhi yake kabla hata hajakaribishwa kiti. Karani akaandika.

"Haya, tena," mkewe alisema. "Habari ya afya?"

"Nzu... mbaya."

"Unaona? Ulimi wako utatuzika. Rufaa ni hii moja, baba. Wakiitupa, hakuna mlango mwingine."

"Kumwambia mtu 'mbaya', salamu yenyewe haijaisha! Mama angefufuka anizabe kofi."

"Afufuke, atusaidie kushona."

Winchi akacheka. Kicheko kikamchoma ubavuni, akanyanyuka tena.

Mlango ukafunguliwa. "Mwombaji peke yake," mhudumu alisema.

Nyuma ya meza walikaa watatu: mwenyekiti, daktari wa bodi, na karani yule yule. Mwenyekiti alikuwa dada wa rika la binti yake wa kwanza, sauti yake laini, adabu tele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole na safari. Habari ya afya?"

Winchi alishika ukingo wa meza. Neno lilitoka dogo, kama la mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Mbaya."

Karani aliinua kichwa. Daktari akafunua jalada, akapitisha kidole.

"Mara ya kwanza ilikuwa nzuri."

"Ile ilikuwa salamu, daktari."

"Na hii?"

"Hii ndiyo hali."

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya."

"Sikudanganya. Niliitikia."

Mwenyekiti alitabasamu. "Baba, nani kakufundisha kusema hivyo leo?"

Winchi alihamishia uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia. Angeweza kusema hakuna. Lakini aliulizwa kwa heshima.

"Mke wangu."

Karani akaandika.

"Nitazameni mgongo basi," Winchi alisema, vidole tayari kwenye kifungo cha shati. "Dakika moja tu, mwone wenyewe."

"Usijisumbue," daktari alisema. "Hapa hatupimi. Tunapitia maelezo. Utajulishwa."

Mkewe alimdaka mlangoni. "Umesema?"

"Nimesema."

"Ehe?"

"Wameandika."

Wakashuka ngazi, yeye akijikokota kwa reli, kila kidato kikidai chake. Getini mlinzi aliinuka kutoka kwenye stuli, uso umechangamka.

"Mzee wangu! Habari ya afya?"

Mdomo wa Winchi ulifunguka. Kisha akatazama juu. Kwenye dirisha la chumba cha rufaa karani alikuwa amesimama na kikombe cha chai, kalamu sikioni, akiwaangalia. Winchi akafumba mdomo, akapita.

"Ah," mlinzi alimwambia mke wa Winchi, "huyu naye anaringa. Hata salamu haitikii."