Ndoo Mbili za Sayo

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Vestina alikuwa juu ya ngazi akimalizia bango la duka la pembejeo, kopo la rangi ya kijani mkononi na kitambaa chenye thina begani, Lusajo alipopita akamwambia kwamba mzee Asakawa amefariki. Habari ilikuwa kwenye simu. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja, amefia nyumbani kwake Japani, akiwa mezani, penseli mkononi. Vestina alishuka, akafunika kopo kwanza kwa sababu rangi ya mafuta ikiachwa wazi hufanya utando, kisha akakaa kwenye kidato cha chini akalia. Lusajo alisimama kando akishika ngazi, ingawa ngazi haikuwa na haja ya kushikwa.

Asakawa hakuwahi kukanyaga Kasulu, na hata sura yake hapakuwa na mtu mjini aliyeijua. Lakini yeye ndiye aliyemchora Sayo, na Sayo alifika Kasulu ndani ya kanda za video kumi na moja zilizokuja kwenye gunia, enzi zile Bazilio alipokuwa na banda la video lenye televisheni moja, jenereta moja na mabenchi ya mikaratusi. Kanda zilikuwa za Kijapani. Bazilio, ambaye Kijapani hakukijua hata cha kuombea maji, alikaa pembeni ya televisheni na fimbo yake akawa anatafsiri, Kiswahili kwenye mambo mazito na Kiha kwenye vichekesho.

Kwa tafsiri yake, Sayo ni binti aliyetumwa maji. Alikwenda na ndoo mbili zinazoning'inia kwenye mti wa begani, akateka, akarudi, akakuta kijiji chao hakipo. Hakikuungua wala hakikusombwa na mafuriko, kimeondoka tu. Akaanza kukitafuta, na ndoo hakuzitua, kwa kuwa maji uliyotumwa hutui mpaka ufike kwa aliyekutuma. Kanda zote kumi na moja hakutua. Vestina alikuwa na miaka tisa, na kila Jumamosi alitembea kwa miguu kutoka Heru Juu hadi mjini kwenda kumwangalia Sayo asivyotua ndoo.

Lusajo alikuwa na maelezo mengine. Yeye ni mtu wa Tukuyu, ameletwa Kasulu na ajira, karani wa masjala katika ofisi ya uhamiaji iliyo mwisho wa mtaa uleule. Katuni hiyo aliiona utotoni kwa mjomba wake, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, na kwa alivyoelewa yeye Sayo alikuwa muuza sharubati.

"Sharubati?" Bazilio aliuliza alipoletewa habari hiyo. Siku hizi ni mzee, anauza vocha na betri palepale lilipokuwa banda. "Mwana wanje, mwanangu, mtu atembee kanda kumi na moja kwa ajili ya sharubati?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu."

"Basi walikosea kuandika."

Walichokubaliana ni kimoja, kwamba mzee Asakawa aliugua kabla hajamaliza, na kwamba hakuna aliyewahi kuona Sayo anafika wapi.

Siku ya tatu ya msiba Vestina alichora. Alitumia ukuta wa kibanda chake mwenyewe, ule unaotazama barabara, na alimchora Sayo kimo cha mtu: macho makubwa, kandambili za majani, mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Chini yake akaandika kwa herufi za bango: PUMZIKA MZEE ASAKAWA. KASULU TULIKUONA. Bazilio alikuja amevaa koti, akasimama mbele ya ukuta kwa muda wa heshima, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata kisigino cha kulia cha Sayo kilikuwa kimeinuka. Vestina alidhani amekosea mwenyewe, kwa sababu kuchora miguu humsumbua. Asubuhi ya pili goti lilikuwa limekunjwa. Ya tano, unyayo wote ulikuwa hewani na ndoo ya nyuma imeyumba kidogo, na ukutani nyuma yake palibaki chokaa safi pasipo alama ya brashi. Siku ya kumi na mbili mguu ulitua. Sayo alikuwa amepiga hatua moja.

"Kwao walichora picha kumi na mbili kwa sekunde," Lusajo alieleza. Alikuwa amesoma. "Kwa hiyo mwendo wake ni uleule. Ila sisi anatupa picha moja kwa siku."

Ilionekana ni sawa. Watu waliopita kwenda sokoni walizoea kumtazama kama wanavyotazama mahindi ya jirani, waone yamefika wapi. Mwezi wa tisa alimaliza ukuta wa Vestina. Kati ya kibanda na mgahawa wa mama Rabia kuna kichochoro, na siku tisa Sayo hakuonekana popote. Siku ya kumi ikatokea ncha ya mti wake kwenye ukuta wa mgahawa, kisha ndoo, kisha yeye. Mama Rabia hakuwa na neno. Aliomba tu asifunikiwe orodha ya vyakula, na mti wa Sayo ulipofika kwenye wali maharage, Vestina alikuja na brashi akaushusha wali maharage chini kidogo.

Safari hiyo yote ilielekea upande mmoja, na upande huo Vestina aliujua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Mwisho wa majengo ilikuwa ofisi ya Lusajo, na ndani ya ofisi ya Lusajo lilikuwa faili lake.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, wakalima Heru Juu, wakazeeka. Ulipofika mwaka wa kuandikisha watu wa asili ya ng'ambo ili wapewe uraia, maafisa walikuja kijijini na meza, mhuri na mwavuli. Baba aliandikwa. Mama aliandikwa. Vestina, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na siku hiyo alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta meza imeshakunjwa, gari linawashwa. Afisa mmoja aliyekuwa mpole alimwambia asijali, afike ofisini, ni suala la siku mbili.

Tangu hapo ni miaka kumi na sita. Faili lilihama kabati mara nne. Kwa miaka mitatu ya mwisho lilikuwa mezani kwa mkubwa wa ofisi, likisubiri saini, na mkubwa alikuwa kwenye kikao, au kwenye semina, au ametoka sasa hivi. Lusajo alilifuta vumbi kila Ijumaa. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake, na alilifanya kwa uaminifu.

Safari hii jambo lilikuwa na tarehe. Kijiji kilikuwa kinapima vibanja na kutoa hati, na asiye raia haandikiwi ardhi. Wazazi wa Vestina wamelala Heru Juu, kando ya mibuni waliyoipanda wenyewe, na kibanja kile kama hakina mwenye cheti ifikapo tarehe thelathini Juni ya mwaka unaofuata, kinarudi kijijini kipewe mwingine. Vestina aliogopa. Aliogopa akiwa anapaka rangi, akiwa anakula, akiwa anacheka na mama Rabia. Hofu ilikaa naye siku nzima, ikalala naye, ikaamka naye.

Mwezi wa kumi na mbili Sayo alifika mwisho wa mgahawa. Mbele yake palikuwa na uwazi wa mita nane, mahali ambapo malori ya mahindi husimama. Juma lilelile Fuso la Pasikali likafa gia boksi hapohapo, ubavu wake wa mbao ukiwa umeelekea barabarani, na kifaa cha kubadilisha kikasemekana kinatoka Kahama. Pasikali alilala kwenye kabini siku tatu, kisha akaenda kwao Nyakitonto. Aliporudi alimkuta Sayo yuko katikati ya bodi ya gari lake.

"Anashuka lini?" aliuliza.

"Karibu na Pasaka," alisema Vestina.

"Haya. Kifaa nacho hakijafika."

Kifaa kilifika siku mbili baada ya Sayo kushukia kwenye ukuta wa ofisi. Ukuta huo ni mweupe juu na wa kijivu chini, na una benchi refu ambapo watu hukaa kusubiri. Namba hazitolewi. Anayefika huuliza nani wa mwisho, akionyeshwa hukaa nyuma yake, na utaratibu huo haujawahi kuleta ugomvi.

Mkubwa aliporudi kutoka semina alimwona Sayo, akasema ukuta wa ofisi hauchorwi. Wakamwita mchoraji wa mabango aliye karibu zaidi. Vestina alikuja na ndoo ya rangi nyeupe, akamfunika Sayo taratibu kuanzia kandambili, akaacha macho mpaka mwisho. Kesho yake Sayo alikuwa juu ya rangi mpya, ameendelea picha moja. Vestina aliitwa tena, akapaka tena. Mara ya tatu mkubwa alisema basi, kama yupo, awepo kwa utaratibu. Sayo akafunguliwa faili. Jina: Sayo. Uraia: Mjapani. Shida: hapo Lusajo aliweka mstari. Ikaandikwa barua ya kibali cha kuwepo ukutani, ikapelekwa mezani Jumatatu, na Alhamisi ikarudi ina saini na mhuri.

Lusajo ndiye aliyembandikia Sayo kibali chake, kwa gundi, usawa wa bega. Vestina alikuwa kwenye benchi. Aliisoma saini ile kwa muda mrefu. Ilikuwa saini fupi, yenye mkia, kitu cha sekunde moja.

"Kaka Lusajo," alisema, "kumbe huwa anasaini."

"Dada Vestina, faili lako lina viambatanisho."

"Viambatanisho vyangu vimekamilika. Wewe ndiye uliyenihesabia."

"Vimekamilika," alikubali Lusajo, na masikio yakamwiva.

Siku hiyo aliliweka faili la Vestina juu kabisa ya mafungu yote ya mezani, akalipindua ili jina lisomeke kutokea kwenye kiti cha mkubwa. Mkubwa alifika, akalisogeza, akaweka hapo sahani ya karanga.

Mwezi wa tano Sayo aliacha kutembea. Alikuwa amefika kwenye benchi, mkabala na dirisha la masjala. Mwezi wa sita magoti yake yakaanza kukunjwa, kidogo kila siku, na mgongo ukainama. Bazilio alipata habari, akafunga duka, akaja na kigoda chake kila asubuhi. Watu wengine waliokuwa wakija bandani zamani nao walikuja, akina mama wenye wajukuu sasa na fundi cherehani mmoja kutoka Kitanga. Walimtazama dakika chache kisha wakaenda kwenye shughuli zao. Picha moja kwa siku haihitaji muda mrefu.

Tarehe thelathini Juni, asubuhi, Sayo alitua ndoo.

Vestina hakuwepo. Alikuwa Heru Juu kwenye mkutano wa kijiji. Jina la baba yake liliposomwa, Vestina alisimama, akaeleza kuhusu faili, na wajumbe walimsikiliza vizuri kwa sababu walimjua tangu mdogo, wengine wamemchapa wakati ule, wengine wamemtuma dukani. Wakauliza kama ana cheti. Akasema hana. Kibanja kikaandikwa jina la Makarius, kijana mwenye familia, asiye na makuu, ambaye baada ya mkutano alimfuata Vestina hadi kwenye mibuni akamwambia makaburi hatayagusa, na kwamba akitaka kuja aje wakati wowote, abishe hodi tu. Vestina alimshukuru. Kisha alikaa kati ya mama yake na baba yake akalia mpaka kwikwi zikamshika, na alipochoka akapanda bodaboda kurudi mjini.

Ofisini alikuta kuna shughuli. Bomba la ofisi lilikuwa kavu tangu Machi, na ndoo za Sayo zilikuwa na maji. Yalikuwa maji hasa, ya baridi. Ulizamisha kikombe ukutani kikatoka kimejaa. Mhudumu alikuwa ameshachota ya kudekia na ya chai, na ndoo hazikupungua. Bazilio alikuwa kwenye kigoda chake anapokea pongezi.

"Onja," alimwambia Lusajo. "Iko wapi sharubati yako?"

"Ni maji, mzee."

"Niliwaambia. Binti alitumwa maji."

Lusajo alimletea Vestina chai. Vestina aliinywa yote, akarudisha kikombe dirishani. Mkubwa, alisema Lusajo bila kuulizwa, naye amekunywa, vikombe viwili, ameisifu sana, sasa ametoka. Faili bado liko mezani.

"Kibanja kimeondoka," alisema Vestina.

Lusajo alisimama na kikombe mkononi. Akaenda kulifuta faili vumbi, ingawa haikuwa Ijumaa.

Baada ya hapo zilipita wiki mbili ambazo Vestina hakutoka kibandani kwake. Alipaka bango la saluni na bango la kinyozi. Jumatatu ya wiki ya tatu aliamka, akaoga, akachukua bahasha yake ya viambatanisho, akaenda ofisini, kwa sababu cheti ni cheti hata kama kibanja hakipo. Benchi lilikuwa limejaa. Mwisho wake, ukutani, Sayo alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, ndoo miguuni, kibali chake kimemfuata begani, macho yake makubwa yameelekea dirishani.

"Mwakeye," alisalimia Vestina. "Nani wa mwisho?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinyoosha kidole ukutani.

"Huyo hapo. Wewe uko nyuma yake."

Vestina alisema asante, akasogeza ndoo moja kidogo ili apate pa kuweka miguu, akakaa.